Uniti zimepungua, gesi ni ileile: kutafuta ufanisi uliopotea kwenye mtambo wa gesi na mvuke

Malalamiko yanayofika mezani kwa mhandisi wa ufanisi ni machache na hujirudia mwaka hadi mwaka. Megawati zimeshuka na gesi haijashuka, mvuke hautoshi, ombwe la kondensa (chombo kinachopoza mvuke uliotoka kwenye turbini uwe maji tena) limelegea, au ripoti ya mwezi inaonyesha hasara ambayo hakuna mtu wa zamu aliyeiona kwa macho. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata malalamiko hayo. Umeandikwa kwa kuzingatia mitambo ya ukanda wa pwani ya Tanzania inayochoma gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, na hasa mitambo ya mzunguko mseto, ambamo moshi wa moto wa turbini ya gesi huchemsha maji ya boila na mvuke wake ukazungusha turbini ya pili. Kinyerezi II, kilichozinduliwa mwaka 2018 kikiwa na turbini sita za gesi na mbili za mvuke, ni mfano wa vituo vya aina hiyo.

Kipimo kitakachotumika ni kiwango cha joto, yaani kilojuli za gesi zinazoteketea ili kupata uniti moja ya umeme. Uniti moja ni kilojuli 3,600, kwa hiyo ukigawanya 3,600 kwa kiwango hicho unapata ufanisi: turbini ya gesi inayokula kilojuli 10,000 kwa uniti ina ufanisi wa asilimia 36, na mzunguko mseto unaokula 7,000 una asilimia 51 na ushei. Anayedhani asilimia moja ni kitu kidogo na apige hesabu. Kituo cha megawati 240 chenye kiwango cha 7,000, kikifanya kazi mchana na usiku kwa mzigo kamili, huteketeza gigajuli zipatazo 40,000 kwa siku. Asilimia moja ya hizo ni gigajuli 400, sawa na futi za ujazo laki nne za gesi zinazopotea kila siku bila kuwasha hata taa moja.

Kanuni ninayoifuata ni kutofungua kifuniko chochote kabla ya kujua hasara inakaa upande gani: kwenye hesabu, kwenye kompresa inayokandamiza hewa ya mwako, kwenye chumba cha mwako, kwenye boila au kwenye kondensa. Nimeona turbini ikifunguliwa kwa gharama kubwa ilhali kosa lilikuwa kwenye kipima joto cha hewa kilichopigwa na jua.

Dalili: ripoti inaonyesha hasara, mtambo wenyewe hauonyeshi kitu

Sababu inayoongoza ni kulinganisha vitu visivyolingana. Gesi asilia ina thamani mbili za joto, ya juu na ya chini, kutegemea kama joto lililomo kwenye mvuke wa maji ya mwako limehesabiwa au la. Kwa gesi kama yetu, ambayo karibu yote ni methani, tofauti ya thamani hizo ni asilimia 11 hivi. Dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida huandikwa kwa thamani ya chini, ilhali ankara ya gesi mara nyingi hutumia thamani ya juu. Mhasibu akichukua namba ya ankara na mhandisi akachukua namba ya dhamana, mtambo mzima kabisa utaonekana mgonjwa mahututi.

Inayofuata ni uniti zenyewe. Uniti zinazosomwa kwenye jenereta si sawa na zinazotoka getini kwenda kwenye gridi, kwa sababu pampu, feni na kompresa za kuongeza shinikizo la gesi nazo zinakula. Iwapo mwezi uliopita ripoti ilitumia mita ya jenereta na mwezi huu inatumia mita ya gridi, hasara hiyo imezaliwa kwenye karatasi.

Baada ya hapo angalia hali ya hewa. Mitambo hupimwa kwa masharti ya kimataifa ya nyuzi joto 15, unyevunyevu wa asilimia 60 na shinikizo la usawa wa bahari. Dar es Salaam haijui nyuzi 15. Kwa turbini nyingi kubwa, kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza nguvu kwa asilimia 0.7 hivi, kwa hiyo saa nane mchana wa Februari, hewa ikiwa nyuzi 32, mtambo wa megawati 30 utatoa kama megawati 26 na nusu na utakuwa na afya njema. Usilinganishe Februari na Julai kabla ya kuzirejesha namba zote mbili kwenye masharti yaleyale kwa kutumia grafu za masahihisho za mtengenezaji. Hakikisha pia kwamba kipima joto cha hewa kimekaa kivulini, ndani ya njia ya hewa inayoingia, si ukutani panapopigwa na jua la magharibi.

Mita ya gesi ninaiweka mwisho, ingawa watu wengi huanza nayo. Jumlisha mita za mashine zote na ulinganishe na mita kuu ya kituo kwa saa 24. Zikipishana zaidi ya makosa yanayokubalika ya mita zenyewe, chunguza vipima shinikizo na joto vinavyosahihisha ujazo, kisha mirija midogo ya kupitishia shinikizo, ambayo huziba kwa uchafu au maji. Mahali ambapo gesi hupimwa kwa bamba la tundu, yaani bamba lenye tundu lililowekwa ndani ya bomba, ukingo wa tundu ukiwa butu mita husoma kidogo kuliko gesi iliyopita, na mtambo ukaonekana bora kuliko ulivyo. Hiyo ni hitilafu ambayo hakuna anayeilalamikia, nayo inastahili kuogopwa zaidi.

Simama hapo ikiwa mita ni ya mauziano. Lakiri yake haikatwi na fundi wa kituo. Waite mwenye kuuza gesi na mamlaka ya vipimo, mfungue pamoja.

Dalili: megawati zimeshuka kwenye mzigo kamili, na shinikizo la hewa baada ya kompresa nalo limeshuka

Huu ndio ugonjwa mkuu wa turbini za gesi. Kompresa peke yake hula nusu au zaidi ya nguvu yote inayozalishwa na turbini, kwa hiyo uchafu kidogo kwenye mapanga yake hulipwa mara mbili: hewa inayopita hupungua, na kazi ya kuikandamiza huongezeka.

Sababu ya kwanza, kwa mbali, ni uchafu. Kwenye pwani yetu uchafu huo ni mchanganyiko wa vumbi la barabara za udongo, moshi wa majani na taka zinazochomwa, mvuke wa mafuta unaovuja kwenye mihuri ya beringi ya mbele, na chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, kusi na kaskazi vilevile. Mafuta ndiyo gundi, na vingine hunata juu yake. Ukaguzi wa awali hauhitaji kuzima mtambo. Chukua usomaji wa saa moja yenye mzigo kamili uliotulia, andika joto na shinikizo la hewa kabla na baada ya kompresa, kisha hesabu joto ambalo hewa ingepata kama ingekandamizwa bila hasara na uligawanye kwa joto ililopata kweli. Ufanisi huo wa kompresa ukishuka taratibu kwa wiki kadhaa, ni uchafu. Ukishuka kwa usiku mmoja, hautokani na uchafu. Ruka aya zinazofuata uende kwenye vali na mapanga elekezi.

Tiba yake ni kuosha, na kuosha ni kwa namna mbili ambazo watu huzichanganya. Kuosha mtambo ukiwa kazini, kwa maji yasiyo na madini yanayonyunyizwa kwa dakika chache, huchelewesha uchafu kujijenga. Hakuuondoi uliokwisha kunata, na kwa kiasi fulani husukuma uchafu kutoka safu za mbele kwenda za nyuma. Kinachorudisha megawati ni kuosha mtambo ukiwa umezimwa na kupoa, ukizungushwa polepole na mota ya kuanzishia, kwa sabuni maalumu, kuuacha uloweke, kisha kuusuuza mara nyingi. Usikubali kauli ya «tumeosha» bila chupa. Chukua sampuli ya maji yanayotoka kwenye bomba la chini kila baada ya msuuzo na uzipange dirishani: ya kwanza hutoka nyeusi kama kahawa ya mtaani, ya tatu huwa kijivu, na ukiona ya mwisho bado ina ukungu na utelezi kidoleni, kazi haijaisha hata kama ratiba imeisha. Kipimo cha upitishaji umeme wa maji hayo kitakuambia kuhusu chumvi, ambayo macho hayaioni.

Kabla ya kumwaga maji, soma joto la nafasi zilizo kati ya magurudumu ya turbini na ulinganishe na kikomo cha mtengenezaji. Maji baridi kwenye chuma cha moto hupasua. Hakikisha pia vali za kupitishia maji zimefunguliwa na mirija ya shinikizo inayokwenda kwenye vipimo imefungwa, la sivyo utatumia wiki nzima ijayo kutafuta hitilafu ulizozitengeneza mwenyewe.

Sababu ya pili ni mapanga elekezi ya mlangoni mwa kompresa, yale yanayogeuka kuongeza au kupunguza hewa. Skrini inaweza kusema yamefunguka nyuzi 84 ilhali kwa kweli yako 80, kwa sababu sensa imelegea au meno ya mzunguko yamelika. Mtambo ukiwa umezimwa na kufungiwa nishati zake zote, mtu aingie na kipimapembe, apime mapanga kadhaa kuzunguka duara, kisha alinganishe na skrini. Kazi hii huchukua nusu siku na imewahi kurudisha megawati ambazo watu walikuwa wameshazikatia tamaa.

Ya tatu ni vali za kutolea hewa ya kompresa, ambazo hufunguka wakati wa kuwasha na kupaswa kufunga kabisa baadaye. Pima kwa bunduki ya joto, yaani kipima joto cha mkononi kisichogusa, bomba lililo baada ya vali. Bomba likiwa na moto wakati wa mzigo kamili, hewa iliyokwisha kugharimiwa inatoroka.

Ya nne ni uchakavu: nafasi kati ya ncha za mapanga na ganda imepanuka, au kingo za mapanga zimelika. Hasara hii hairudi kwa sabuni, husubiri ukarabati mkubwa. Ndiyo maana baada ya kila kuosha ni lazima kuandika kiwango kipya cha juu kilichofikiwa. Mstari wa vilele hivyo ukishuka mwaka hadi mwaka, huo ndio umri wa mashine unaousoma.

Simama na mwite mtaalamu wa mtengenezaji iwapo boroskopu (kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya mashine) imeonyesha mpasuko, kipande kilichomeguka au alama za kusuguana, iwapo mtetemo umebadilika pamoja na kushuka kwa megawati, au iwapo kompresa imewahi kutoa mshindo wa kurudisha hewa nyuma hata mara moja tu. Usiuwashe tena «kuona kama itajirudia».

Watu huuliza hapa kuhusu kupoza hewa inayoingia. Upozaji wa kunyunyiza maji hutegemea ukavu wa hewa, na pwani hatuna ukavu huo: kwa hewa ya nyuzi 31 yenye unyevunyevu wa asilimia 65 utapata nyuzi nne au tano tu. Dodoma ungepata karibu mara mbili yake. Jokofu la maji hupoza zaidi, lakini nalo hula umeme, na hesabu yake ifanywe baada ya kompresa kuwa safi. Kumpoza mgonjwa aliye mchafu ni kuficha dalili.

Dalili: tofauti ya shinikizo kwenye vichujio vya hewa inapanda haraka

Mara nyingi ni vichujio vilivyofikia mwisho wa maisha yake, au vumbi la ujenzi jirani. Ikipanda alfajiri na wakati wa mvua za masika kisha ikashuka jua likipanda, ni unyevu: vumbi na chumvi vilivyomo kwenye kichujio hufyonza maji na kuvimba. Angalia kwanza kwamba vizuizi vya matone mbele ya vichujio havijaziba, na kwamba hewa ya kupulizia vichujio inafika. Kwa kadirio la kawaida, kila kilopaskali moja ya ziada kwenye mlango wa hewa huondoa asilimia moja na nusu hivi ya nguvu, kwa hiyo kuchelewesha kubadilisha vichujio ili kuokoa bei yake ni biashara ya hasara.

Tofauti ikishuka ghafla pasipo mvua wala jua, usifurahi. Huenda kichujio kimepasuka au mlango wa dharura wa hewa umefunguka, na kompresa inavuta vumbi bila pazia. Chumvi ikishapita, sodiamu yake huungana na salfa na kula mapanga ya moto ya turbini. Zima kwa utaratibu, ukague.

Dalili: vipimo vya joto la moshi vinapishana kuzunguka duara la kutolea

Turbini ya gesi hupimwa joto la moshi kwa themokapo nyingi zilizopangwa duara. Zikipishana kupita kawaida, mfumo wa udhibiti hupunguza mzigo kujilinda, na ufanisi huondoka pamoja na mzigo.

Themokapo moja ikiwa peke yake mbali na wenzake, na hasa ikirukaruka, mshuku yeye kwanza: waya uliolegea, kiunganishi chenye unyevu, au ncha iliyokatika. Zikiwa mbili au tatu jirani zote zimepoa, sasa jambo ni la kweli. Sababu ya kawaida ni pua ya gesi iliyoziba kwa kutu ya bomba au chembe zilizopita kichujio cha gesi, kisha pua zisizolingana baada ya ukarabati, halafu mpasuko kwenye ganda la ndani la chumba cha mwako au kwenye mrija unaounganisha vyumba.

Tahadhari moja huwapoteza wengi. Moshi hauendi moja kwa moja nyuma, huzunguka ukipita safu za turbini, kwa hiyo doa la baridi linaloonekana saa tatu ya duara linaweza kutoka kwenye pua iliyo saa moja. Kiasi cha mzunguko hubadilika na mzigo. Badilisha mzigo kwa hatua ndogo, uone doa linavyohama. Jedwali la mtengenezaji litakupeleka kwenye chumba husika.

Zima bila mjadala iwapo tofauti inaendelea kukua, mwako unatoa mngurumo mpya, au kigunduzi cha gesi ndani ya kibanda cha turbini kimelia. Usizibe themokapo kwenye programu ili kupata saa chache za uzalishaji zaidi ya pale mtengenezaji anaporuhusu. Usifupishe muda wa kupuliza gesi iliyobaki kabla ya kuwasha tena baada ya moto kuzimika, kwa kuwa gesi iliyojikusanya kwenye boila hulipuka. Na asiingie mtu ndani ya kibanda kabla mfumo wa kuzimia moto wa kaboni dioksaidi haujafungwa kwa kufuli na kibali cha kazi kusainiwa. Gesi hiyo huua mtu kimya, bila moto wowote.

Dalili: turbini za gesi ni nzima, lakini mvuke umepungua

Soma joto la moshi pale unapoachana na boila na kuingia kwenye dohani. Katika mzunguko mseto wenye hali nzuri huwa kati ya nyuzi 80 na 110 hivi. Namba hiyo itakugawia njia mbili.

Ikiwa joto la dohani limepanda, boila haichukui joto linalopewa: mirija imejipaka uchafu kwa nje, vizuizi vinavyolazimisha moshi kupita kati ya mirija vimeanguka na kuacha uchochoro, au ndani ya mirija kumejengeka magamba kwa sababu ya maji yasiyotunzwa vizuri. Anza na la kwanza kwa kupima ukinzani wa moshi kupita boila. Ukipanda, ni uchafu, nao huisumbua turbini ya gesi pia kwa kuikaba pumzi. Magamba hayachokonolewi na fundi wa zamu. Hayo ni ya mkemia wa maji, na kuosha kwa asidi hufanywa na kampuni yenye uzoefu.

Ikiwa joto la dohani ni la kawaida au limeshuka, ilhali mvuke ni mdogo, moshi wa moto haufiki wote kwenye boila, au mvuke unatengenezwa kisha unapotea. Penye mlango wa kugeuzia moshi kwenda dohani ya pembeni, angalia feni ya hewa ya kuziba mapengo ya mlango huo. Mara nyingi imezimika siku nyingi na kengele yake imenyamazishwa. Asilimia moja ya moshi inayotorokea dohani ya pembeni ni takriban asilimia moja ya mvuke.

Kisha zigeukie vali zinazovuja kimyakimya, na hapa nitakaa kidogo. Katika kituo kimoja tulitafuta megawati moja na nusu za mvuke kwa karibu miezi mitatu. Tulisahihisha mita, tukaosha kondensa, tukaandikiana barua na mtengenezaji. Usiku mmoja, saa tisa na robo, nilizunguka na fundi wa zamu tukiwa na bunduki ya joto na orodha ya vali zote zilizopaswa kuwa zimefungwa. Bomba la kumwagia maji la mstari mkuu wa mvuke, ambalo skrini ilionyesha limefungwa kabisa, lilisoma nyuzi 187 mita mbili baada ya vali, na rangi yake ilikuwa imebabuka mpaka mahali linapoingia kondensani. Vali ya pili kama hiyo tulikuta imefungwa kwa mkono robo tatu tu. Mvuke bora kabisa wa kituo ulikuwa unaipita turbini kando na kwenda kupasha moto kondensa.

Tangu hapo mzunguko huo wa vali ndio ukaguzi wangu wa kwanza kwa dalili hii. Orodhesha mabomba ya kumwagia maji, vali za kupitisha mvuke pembeni kwenda kondensani, vali za usalama, na maji ya kupozea mvuke. Hilo la mwisho hukaguliwa kwa joto: amri ikiwa ni kufunga, joto la mvuke kabla na baada ya kinyunyizio linapaswa kuwa sawa. Likishuka, maji yanapita. Pima bomba mbali kidogo na vali, kwa sababu chuma hupitisha joto na vali nzima inaweza kuonekana inavuja. Kumbuka pia kwamba bunduki ya joto hudanganyika kwenye bati linalong'aa. Paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa.

Vali inayovuja mvuke wa shinikizo kubwa haikazwi kwa bomba la kuongezea mkono, wala mtu hafuati mlio wa uvujaji wa nje kwa kiganja. Mvuke mkali wa aina hiyo hauonekani, nao hukata nyama. Weka uzio, punguza shinikizo, mwite mtaalamu wa vali.

Dalili: ombwe la kondensa limelegea

Turbini ya mvuke hupata sehemu kubwa ya kazi yake mwishoni, pale mvuke unapopanuka kuelekea ombwe. Shinikizo la kondensa likitoka kilopaskali 7 hadi 10, joto la mvuke wa mwisho hupanda kutoka nyuzi 39 hadi karibu 46, na megawati huondoka bila kelele.

Sababu ya kwanza ni joto la maji au hewa ya kupozea, ambalo huna mamlaka nalo. Lisahihishe kwenye hesabu kwanza. Ya pili ni uchafu. Toa joto la maji yanayotoka kondensani kwenye joto la mvuke linalolingana na shinikizo lililosomwa: kondensa safi huacha tofauti ya nyuzi tatu hadi tano, na ikipanda wiki hadi wiki, mirija imejenga utando. Kwa kondensa ya kupozwa kwa hewa, panda juu utazame mapezi: vumbi, mbegu za miti na manyoya ya ndege huyavika blanketi, na kuyaosha kwa maji ya shinikizo linaloruhusiwa hulipa siku hiyohiyo. Angalia pia kama upepo unarudisha hewa moto kwenye feni.

Ya tatu ni hewa inayoingia. Dalili zake ni pampu za ombwe kufanya kazi bila kupumzika, oksijeni kupanda kwenye maji ya kondensa, na maji hayo kuwa baridi kuliko mvuke unaoyazaa. Anza na jambo jepesi kabisa, shinikizo la mvuke wa kuziba mihuri ya shafti, ambalo likishushwa kidogo tu hewa huingia kwa raha. Kisha mihuri ya maji ya vali, vioo vya kusomea kimo, na viungo vilivyofunguliwa kwenye ukarabati wa karibuni. Kilichoguswa mwisho ndicho cha kushukiwa kwanza. Ukikosa, leta timu yenye kipimo cha heliamu.

Simama iwapo chumvi au upitishaji umeme umepanda kwenye maji ya kondensa. Hapo mrija umetoboka, na maji hayo yakifika kwenye boila uharibifu wake utazidi gharama ya kuzima kituo kwa siku mbili. Usisogeze kikomo cha kujizima cha ombwe ili kupita saa za mzigo mkubwa jioni.

Dalili: ufanisi ni mzuri jioni, mbovu usiku na asubuhi

Hapa mashine haina kosa. Turbini ya gesi inayofanya kazi kwa nusu mzigo hupoteza kati ya sehemu ya tano na ya nne ya ufanisi wake, na tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 ilipoanza kuingia kwenye gridi mwaka 2024, mafundi wa gesi wana sababu zaidi ya kuisoma ratiba ya mzigo pamoja na vipimo vya mashine. Mahali ambapo turbini tatu za gesi zinalisha moja ya mvuke, mbili kwa mzigo kamili ni bora kuliko tatu zilizobanwa kwenye thuluthi mbili, mradi gridi ina akiba ya kutosha kwingineko. Kagua kwanza kama mapanga elekezi yanajifunga ipasavyo mzigo unaposhuka, kwa sababu ndiyo yanayolinda joto la moshi na mvuke usidhoofike. Kisha angalia kama mfumo wa mwako haujarudi kwenye hali ya kuwashia. Yote mawili yakiwa sawa, mpelekee mpangaji wa mzigo jedwali la kilojuli kwa uniti kwa kila hatua ya megawati, ukijumlisha gesi ya kuzima na kuwasha na saa za uhai wa chuma zinazoliwa na kila kuwasha, ili achague akiwa anaijua bei ya kila chaguo.